"Get" inakuchanganya? Tafuta dalili yako hapa ujue shida iko wapi

Maneno marefu ya Kiingereza wala hayasumbui sana, unafungua kamusi unakuta maana moja au mbili umemaliza. Shida iko kwenye haya mafupi ya kila siku, na mimi nikiambiwa nitaje moja linaloongoza kwa kuvuruga watu nataja get bila kusita. Mtu anafundishwa siku za mwanzo kwamba get ni kupata, anakaa na hiyo maana miaka na miaka, afu kila muvi anayoangalia na kila meseji anayosoma anakutana na get ambayo ukiweka kupata sentensi inavunjika vipande.

Chanzo cha matatizo karibu yote utakayosoma hapa chini ni kimoja: unaiangalia get yenyewe. Get peke yake haisemi kitu kingi, maana inaletwa na kile kinachoifuata. Kwaio ukiiona iruke kwanza, angalia kulia kwake kuna nini. Kuna sifa kama tired au old? Kuna kitenzi cha ile safu ya tatu tuliyokariri shule, go went gone? Kuna to? Kuna mtu halafu to? Kuna mahali? Kuna kale kaneno kadogo kama up, over, back? Jibu la hilo swali ndo linakwambia uende kwenye dalili ipi, na usisome zote kwa mkupuo, nenda kwenye ile inayokuuma.

DALILI: ukitafsiri unapata vitu kama "napata mzee" au "anapata chovu"

Hii ndo nitakaa nayo sana maana ukiitatua hii umepunguza nusu ya mzigo.

Chanzo: baada ya get kuna sifa. Old, tired, angry, wet, dark, lost, rich. Hapo get inasema mtu au kitu kimetoka hali moja kimeingia nyingine, mwanzo hakikuwa hivo sasa kinakuwa hivo. Kiswahili hatuhitaji neno la pembeni kwa kazi hiyo kwasababu kitenzi chenyewe kinabeba mabadiliko ndani yake. Get old ni kuzeeka, get tired kuchoka, get angry kukasirika, get wet kulowa, get fat kunenepa, get thin kukonda, get drunk kulewa, get rich kutajirika, get lost kupotea, get well kupona. Unaona? Neno moja tu. Mwingereza yeye hana hayo maneno au anayo ila hayatumii akiongea, kwaio anachukua get anaweka na sifa. Na pale ambapo sisi hatuna kitenzi kimoja tunasema "kuwa" au "kuzidi kuwa", it's getting difficult ni inazidi kuwa ngumu, na it's getting dark ni giza linaingia.

Sasa kuna kosa lingine limejificha humohumo, watu wanashindwa kutenganisha be na get, wanaandika "She was angry and left" wakati wanataka kusema alikasirika akaondoka, au wanaandika "I have tired" kabisa. Hiyo "I have tired" inatokana na me. Mtu anaona nimechoka ina me, amefundishwa me ni have, basi anakimbilia have. Lakini nimechoka ni hali uliyonayo muda huu unavyoongea, na Kiingereza hali ni be: I am tired.

Kipimo ninachokiamini ni hiki, chukua sentensi yako ya Kiswahili uangalie alama ya wakati. Kama ina me ya hali, amekasirika, nimepotea, nguo zimelowa, weka am, is au are: she is angry, I'm lost, the clothes are wet. Kama ina li ya tukio, yani kulikuwa na dakika ambayo mambo yalibadilika, jana nilipotea, alikasirika akaondoka, weka got: I got lost yesterday, she got angry and left. Kama Kiswahili chako kinasema naanza kuchoka au nazidi kuchoka, hiyo ni getting, I'm getting tired. Jaribu na ndoa uone inavyokaa vizuri, wameoana ni they are married, walioana 2010 ni they got married in 2010. Na hapohapo, ukitaka kumtaja aliyeolewa naye usiweke with, ni got married to. Natamani hiki kipimo watu wapewe mapema maana Kiswahili tayari kimetufundisha tofauti ambayo wanaojifunza kutoka lugha nyingine wanaitafuta kwa shida.

Kitu kidogo cha kuangalia ni sick. Kwa Wamarekani get sick ni kuugua, Waingereza wanapenda kusema get ill, na kwao "he was sick in the car" maana yake alitapika kwenye gari, sio kwamba alikuwa mgonjwa.

DALILI: baada ya get kuna kitenzi cha safu ya tatu na hujui nani kafanya nini

He got fired. My bike got stolen. We get paid on Fridays. Ukiweka kupata hapa unahangaika bure. Hii get ni ile "wa" yetu ya kutendewa: alifukuzwa kazi, baiskeli yangu iliibiwa, tunalipwa Ijumaa.

Swali linakuja, si ningesema was fired tu? Ungesema na ungekuwa sahihi. Tofauti ni kwamba got ina ladha ya maongezi na inakaza kwamba kitu kilitokea, mara nyingi kitu cha kumkuta mtu, kibaya au cha bahati. Angalia "the window was broken", inaweza kuwa dirisha lilikuwa limevunjika tayari ulipofika au kuna mtu alilivunja ukiwepo, hujui. "The window got broken" imebaki na maana moja tu, lilivunjwa au lilivunjika, tukio. Ni ileile habari ya me na li tumetoka kuiongea.

Ila usiibandike kila sehemu. Vitenzi vya kujua, kuona, kuamini havipendi get ya namna hii, "the answer was known" inakubalika, "the answer got known" inakwaruza masikio. Kazi yake ni matukio.

DALILI: kitu kimekaa katikati, got my hair cut, got the laptop fixed

Ndugu wa ile ya juu lakini hapa kuna kitu kimeingia katikati ya get na kitenzi. Maana yake ulifanyiwa kazi na mtu mwingine, ulimpa au ulimlipa. I got a dress made ni nilishonesha gauni. I got the laptop fixed ni nilipeleka laptop ikatengenezwa. Ile "esha" na "isha" yetu ndo inafanya kazi hii, na kwasababu mara nyingi tunaiacha na kusema nimekata nywele huku aliyekata ni kinyozi, mtu anaandika "I cut my hair" na msomaji wa Kiingereza anaweza kuelewa umeshika mkasi mwenyewe mbele ya kioo.

Kosa kubwa hapa ni mpangilio. "I got repaired my phone" haipo. Kitu kinakaa katikati siku zote: got my phone repaired.

Tahadhari moja, muundo huuhuu unabeba pia ajali. He got his finger caught in the door, hakuna aliyeomba kidole kibanwe na mlango. Kutofautisha ni akili ya kawaida tu, jiulize kama mtu anaweza kutaka hilo jambo litokee. Nywele kukatwa ndiyo, kidole kubanwa hapana.

DALILI: kuna mtu, halafu to, halafu kitenzi

I got him to agree. Hapa hukumpata mtu, ulimshawishi mpaka akakubali. Get ya namna hii ina jasho ndani yake, kulikuwa na upinzani kidogo ukaushinda kwa maneno, kwa kubembeleza au kwa ujanja. Na sio lazima awe mtu, I couldn't get the car to start ni gari liligoma kuwaka japo nilijitahidi.

Kosa la kudumu ni kusahau to. Make na have hazina to, I made him agree, I had him call you, ila get inaitaka, I got him to agree, I got him to call you. Na hizo tatu hazilingani uzito. Made ni kulazimisha, had ni kama ulimuagiza na yeye kazi yake ni kufanya, got ndo kushawishi. Ukimwandikia mtu "I made my boss sign the letter" ilhali ulimbembeleza, umejipa ubabe ambao hukuwa nao.

DALILI: get to, unaelewa leo kesho huelewi

Hapa usiangalie to, angalia kinachofuata to.

Kukiwa na mahali ni kufika. How do I get to the airport, nitafikaje uwanja wa ndege. Home, here na there hazitaki to, ni get home, get here, get there, sio get to home. Na wakati tuko hapo, reach nayo haitaki to, ni reached the airport, hii "reached to" imeenea sana.

Kukiwa na kitenzi ni kupata nafasi au kubahatika. I never got to see him ni sikubahatika kumwona, na ina majuto kidogo. Do you get to travel in your job, kazi yako inakupa nafasi ya kusafiri? Hapa kupata yetu inarudi lakini ni kupata nafasi sio kupata kitu. Get to know iko pembeni kidogo, ni kumfahamu mtu taratibu siku hadi siku, tofauti na know ya kumjua tayari.

Kukiwa na mtu, na kabla yake kuna jambo linalosumbua, the noise is getting to me, basi kelele zinaniudhi, zimeanza kuniingia mpaka nashindwa kuvumilia. Hii mtu akiitafsiri kama kelele zinanifikia anakuwa karibu na ukweli ila amekosa hasira iliyomo.

DALILI: have got, got, gotten, gotta, hujui ipi ni ya nani

Tulia hapa maana ndo panaleta ubishi usioisha.

I've got a car haimaanishi nimepata gari. Maana yake nina gari, basi, sawa na I have a car. Umbo linaonekana la wakati uliopita ila maana ni ya sasa hivi. I've got to go ni lazima niende, ikisemwa haraka ndo inakuwa I gotta go.

Sasa nimepata gari inasemwaje? Inategemea upande gani. Mmarekani atasema I've gotten a car. Mwingereza wa leo kwa kawaida hana gotten, atasema I've got a car na itabidi uangalie mazingira, au atakwepa aseme I've bought a car. Kwaio Mmarekani ana kitu cha ziada hapa, I've got ni ninacho, I've gotten ni nimekipata, na I've gotten tired kwake ni nimekuja kuchoka.

Wapo wanaosema gotten ni makosa ya Wamarekani waliyobuni wenyewe. Sio kweli. Fungua Biblia ya King James iliyotoka London 1611, Mwanzo 4:1, Hawa anasema "I have gotten a man from the LORD". Gotten ilikuwepo Uingereza, baadaye ikafifia kule na kubaki hai upande wa pili wa bahari. Mpaka leo Waingereza wanasema forgotten bila shida yoyote, na forget ni ndugu wa damu wa get. Get yenyewe ilitoka kwa Wanorse wa kale, kwao ilikuwa geta, ikaingia na wale waliohamia Uingereza enzi za Waviking, na Kiingereza cha zamani kilikuwa na mzizi huohuo ndani ya maneno kama forget na beget. Kwaio ukiona neno linatumika kwa mambo mengi kiasi hiki ujue limeishi na watu muda mrefu sana midomoni mwao.

Rudi kwenye tatizo. Kuna sentensi mbili zinafanana na hazina uhusiano: I've got to go, lazima niende, na I've gotten to go, nimepata nafasi ya kwenda. Ukisoma maandishi ya Mmarekani hiyo "ten" ndogo inageuza kila kitu. Ukiandika wewe, chagua upande mmoja ukae nao, usianze na gotten katikati ukarudi kwenye got halafu ukaweka tena gotten.

Na ile "I got two brothers" unayoisikia kwenye nyimbo ni I've got iliyomeza 've. Kuongea sawa. Kuandika rudisha 've, na swali ni have you got au do you have, "do you got" iache hukohuko kwenye muziki.

DALILI: hujui kama ni get on au get in

Sisi tunapanda vyote, tunashuka vyote, hatuna habari. Kiingereza wanagawa. Chombo ambacho ukiingia unaweza kusimama wima na kutembea ndani ni get on na kutoka ni get off: basi, treni, ndege, meli. Chombo ambacho unainama na kukaa moja kwa moja ni get in na get out of: gari dogo, teksi, mtumbwi. Na unachokikalia kwa kutanua miguu ni on, pikipiki, baiskeli, farasi. Ukishika hiyo ya kusimama na kuinama hutakosea mara nyingi.

DALILI: vile vineno vidogo, over, back, by, away, through

Hapa hakuna ujanja wa kanuni moja, na atakayekuambia ipo anakudanganya, hivi vinajifunzwa kimoja kimoja kama majina ya watu. Ila naweza kukuonyesha vile vinavyoleta madhara ukivichanganya, maana vingine ukikosea unaeleweka tu na vingine unaharibu.

Kinachoongoza ni get back. Get back peke yake ni kurudi. Get back to mtu ni kumjibu baadaye, ndo unayoiandika kwenye imeili za kazi, I'll get back to you tomorrow. Get back at mtu ni kulipiza kisasi. Sasa fikiria mteja ameuliza swali kwa upole, wewe unamjibu "I will get back at you". Umemtishia. Herufi mbili tu, to na at, ukishindwa kukumbuka kitu kingine chochote humu kumbuka hicho.

Kingine ni over. Get over something ni kupona au kusahau, ugonjwa, msiba, mapenzi yaliyovunjika, she never got over him hakuwahi kumtoa moyoni. Lakini get it over with ni tulimalize hili jambo liishe, kitu hupendi kukifanya ila lazima kifanyike, kama kwenda kung'oa jino. Ile with ya mwisho ndo inageuza, na hiyo it lazima ikae katikati.

Get up na wake up, wengi wanazitumia kama kitu kimoja. Wake up ni kufumbua macho usingizi ukatoka, get up ni kutoka kitandani. Inawezekana kabisa I woke up at six but got up at eight, na watu wa aina hiyo tunawajua.

Get away with ni kufanya kosa na kutoka salama bila adhabu. He got away with it, alifanya na hakuguswa. Hii mara nyingi watu wanaitafsiri kama aliondoka nacho, na wakati mwingine kweli inaweza kuwa hivo, mwizi akiondoka na pesa, he got away with the money. Ukiona kilichofuata ni kitu cha kushikika ni kuondoka nacho, ukiona ni it, murder, lying, ni kuponyoka adhabu.

Get by ni kusukuma maisha, pesa haitoshi ila siku zinaenda. Get along na get on with mtu ni kuelewana naye. Get through kwenye simu ni kumpata hewani, kwenye kazi au kipindi kigumu ni kukimaliza, kukivuka. Get around to kitu ni hatimaye kupata muda wa kukifanya baada ya kukiahirisha, na kitenzi kinachofuata ni cha ing, I finally got around to reading it. Get at inakuja kwenye swali what are you getting at, unataka kusema nini hasa, na inaweza kuwa na ukali kidogo kwaio usimwambie mkubwa wako.

DALILI: I used to, I'm used to, I'm getting used to

Tatu tofauti. I used to walk ni zamani nilikuwa natembea kwa miguu, sasa sitembei. I'm used to walking ni nimezoea kutembea. I'm getting used to walking ni naanza kuzoea. Unaona me imerudi tena, nimezoea ni hali basi ni be, naanza kuzoea ni mabadiliko basi ni get. Na zote mbili za kuzoea zinafuatwa na ing au jina, "I got used to wake up early" ni kosa, ni waking up. Hapo to inawahadaa watu wanadhani kitenzi kitupu kinafuata.

DALILI: kuna jina tu mbele yake na bado kupata haikai

Get me a chair, niletee kiti. Get the door, nenda kafungue mlango, au ufunge, inategemea ukoje. Get the phone, pokea simu. I'll get this kwenye malipo ni nalipa mimi. Get him, mkamateni. Get a cold, kushikwa na mafua. Get a joke, kuuelewa utani. Hapa get inachukua kazi ambayo kitu kile kinafanyiwa kwa kawaida, kwaio uliza tu hiki kitu mtu anakifanyaga nini, simu inapokelewa, kiti kinaletwa, utani unaeleweka.

Na hiyo ya kuelewa imezaa familia yake. I get it, naelewa. Got it, nimeshika, sawa, hii ndo unamjibu anayekupa maelekezo. Don't get me wrong, usinielewe vibaya. I don't get you, sikuelewi. Lakini I've got it simu ikilia ni ngoja nipokee mimi, na I got this ni niachie mimi hili nitaliweza. We're getting there haina safari, ni kazi inaelekea pazuri.

DALILI: barua yako ya kazi imejaa get mpaka inachosha

Get sio kosa kwenye maandishi rasmi, ila ikijaa sana msomaji haoni ulichofanya hasa. I got a certificate, I got experience, I got promoted, I got to manage a team, zote zinaeleweka na zote zimepauka. Andika earned a certificate, gained experience, was promoted, managed a team. Kila moja sasa ina kitendo chake.

Ugonjwa wa upande wa pili nao upo, mtu anakariri kwamba get inabadilishwa na receive au obtain halafu anabadilisha zote kwa mkupuo. Matokeo yake "I received angry" na "I obtained lost". Hayo maneno yanachukua nafasi ya get ya kupata kitu tu, tena sio vitu vyote, barua unai-receive, kibali unaki-obtain, lakini mafua huwezi kuya-obtain. Kwa get ya sifa neno rasmi ni become, kwa ya mahali ni reach au arrive at, kwa ya kushawishi ni persuade, kwa ya kuelewa ni understand. Unarudi palepale kwenye kuangalia kulia kwanza.

DALILI: unaijua ukiisoma ila ukiisikia inapita

Masikio yako hayana tatizo. Get ni fupi na haiwekewi mkazo, kwaio kwenye kuongea inamezwa. Mmarekani t ikikaa katikati ya irabu anailegeza inakuwa kitu kati ya d na r, get it unasikia "gedi", get up "gedap", get out of here inakuwa "gedaradahia" kama neno moja. Waingereza wengi, hasa London, hiyo t wanaikata kooni, unasikia "ge" halafu kimya kidogo halafu neno linalofuata. Na got you imekuwa gotcha, ambayo inaweza kuwa nimekuelewa, nimekukamata, au nimekunasa kwenye mtego wa utani, sikiliza sauti ya mtu utajua ipi.

Dawa ni kusikiliza vipande vidogo vyenye maandishi chini, dakika mbili tatu tu, unasikiliza bila kusoma, unaandika ulichosikia, afu unafungua maandishi uone get ngapi zimekupita na zilikuwa zimekaa na nani. Zile zilizokupita ndo uzirudie kwa mdomo wako mwenyewe kwa kasi ileile ya mwongeaji, usizitamke moja moja kwa usafi, maana sikio linazoea kile ambacho mdomo umeshakitamka.